Mzee Anasoma?

Aline Niyubahwe hakumwua mume wangu. Naanza na hilo kwa sababu Kasulu inasema vingine tangu siku ya mazishi: kwamba binti wa Kirundi wa dirisha la dawa alijifanya daktari, akaingia wodini, akamnyang'anya Mwalimu Bazilio dawa zake, na mzee wa watu akafa. Nimeyasikia sokoni kwa wauza dagaa. Nimeyasikia kwenye uwanja wa kanisa letu, kwa wanawake ambao nilipokaribia walianza kuzungumzia mvua. Mwaka mmoja na miezi minne sikukanusha, na aliyejua kwa hakika kwamba ni uongo nilikuwa mimi.

Tena si Mrundi. Babu yake ndiye aliyevuka mpaka mwaka sabini na mbili, na godoro kichwani. Baba yake, Reverien, alizaliwa huku na kukulia Rungwe Mpya akilima mihogo na maharage, na cheti chake cha uraia amekitia fremu, kimetundikwa sebuleni juu ya redio. Mama yake, Immakulata, alikuwa akifuata tangawizi hadi Muyama na kuileta mnadani. Aline ni mtoto wao wa tatu. Wanaomwita mkimbizi wanaujua ukweli huu kama ninavyoujua mimi, na mimi pia nimewahi kumwita hivyo.

Nilimfahamu akiwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa mkuu wa shule, nikifundisha Kemia, na nilikuwa mkali kwa lugha. Kiha na Kirundi vilibaki nje ya geti. Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, Aline aliinama kwenye dawati akishika tumbo, nikamwuliza ana nini.

"Mwalimu, tangu asubuhi sijasoma chai."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Kwa Kirundi, na kwa Kiha chetu vilevile, gusoma ni kusoma kitabu, lakini pia ni kupiga funda la kinywaji. Mtoto alitafsiri alivyojua. Mimi ni Muha, nilimwelewa vizuri kabisa. Hata hivyo nilichukua chaki nikaandika ubaoni "kusoma chai", nikauliza darasa: "Chai hii ina kurasa ngapi?" Wakacheka tena, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Miaka minne aliitwa Soma Chai. Alishika nafasi ya kwanza katika Kemia miaka yote minne, na kwenye mahafali alikuja kunisalimia kwa magoti.

Alisomea ufamasia Dar es Salaam, akarudi huku, jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya. Siku hizo mfamasia wa hospitali yetu alikuwa mtu wa dirishani. Ulipeleka karatasi, mkono ulitoka na bahasha imeandikwa moja mara tatu, ukaenda zako. Kumbe mambo yalikuwa yanabadilika. Hospitali ilianza kuwataka wafamasia watoke, wapite raundi pamoja na daktari na muuguzi, wakague karatasi ya dawa ya kila mgonjwa, waulize anatumia nini nyumbani, waseme dawa ipi inagombana na ipi, na mgonjwa akisharuhusiwa wampigie simu. Aline alikuwa wa kwanza kwetu kuifanya kazi hiyo. Watu hawakuipenda. Walisema ametoka dirishani kuja kuchungulia vitanda.

Mume wangu alilazwa mwezi wa Februari. Alikuwa Afisa Elimu mstaafu na mzee wa kanisa letu, kanisa ambalo halina mzaha na pombe. Moyo wake ulikuwa unapiga bila mpangilio, na miaka miwili alikuwa anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Safari hii alitoka damu puani kutwa nzima. Dokta Godson, kijana mpole kutoka Kilimanjaro, alipima kuganda kwa damu, akakuta imekuwa nyepesi kupita kiasi. Alipunguza dozi, lakini alikuwa hajui kwa nini imefikia hapo.

Siku ya pili alifika na raundi: yeye, muuguzi Swaumu, na Aline katika koti jeupe, na daftari mkononi. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, na ndugu wa wagonjwa tulikuwa tumesimama kando ya vitanda.

"Mwakeye, Mwalimu," Aline alinisalimia kwa Kiha, akapiga goti kidogo kama zamani. "Dawa zote za mzee za nyumbani zimekuja?"

Nilimpa mfuko. Alizitoa moja moja, akazipanga juu ya shuka. Ya presha. Ya damu. Kisha pakiti tatu za diklofenaki ambazo shemeji yangu Longinus alimnunulia mzee dukani kwa ajili ya mgongo.

"Hizi hapana," alisema. "Hizi na ile ya damu hazikai tumbo moja. Zinachubua, halafu damu haikatiki. Mzee, mgongo ukiuma utaniambia, kuna nyingine."

Alizitia mfukoni mwa koti ili zisirudi nyumbani. Longinus alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akaona. Hapo ndipo habari ya kunyang'anywa dawa ilipotoka. Ni kweli alizichukua. Ilikuwa ndiyo kazi yake, na alisema sababu mbele yetu wote.

Lakini hakuondoka. Alikuwa anaitazama mikono ya mume wangu. Ilikuwa inatetemeka juu ya blanketi, na alikuwa analoa jasho asubuhi ya baridi. Dokta alikuwa ameagiza kipimo cha malaria. Aline aliinama karibu na sikio langu, akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kiha:

"Mama, mzee arasoma?"

Kila Muha anajua swali hilo. Ni namna ya heshima ya kuuliza kama mtu anakunywa, bila kuitaja pombe, ili usimwaibishe mbele ya wageni. Dokta wa Kilimanjaro na Swaumu wa Tanga wasingeelewa. Alikuwa amelichagua neno hilo kwa ajili yangu. Ningetikisa kichwa tu, yeye angeandika anachojua yeye, na wodi isingejua kitu.

Nilinyoosha mgongo, nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti yangu ya paredi:

"Kusoma? Mume wangu amesoma hadi Chuo Kikuu, binti. Amesoma kabla baba yako hajajua kushika kalamu. Wewe bado unasoma chai?"

Waha waliokuwa wodini waliangua kicheko, maana walielewa pande zote mbili. Mgonjwa mmoja aliyefungwa plasta alipiga kitanda kwa mkono. "Mwalimu ni mwalimu tu!" alisema. Dokta Godson alitabasamu bila kujua anatabasamia nini.

"Dada mfamasia," alimwambia, "elimu ya mzee inatuhusu nini?"

Angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Alinitazama, kisha akamwambia, "Samahani, dokta. Nimeuliza vibaya." Akageukia kitanda cha pili.

Baadaye alinifuata kwenye korido. Alisema, "Mwalimu, niliuliza vile makusudi. Naomba unijibu hapa, hakuna mtu. Kama kinywaji kipo, mwili wake unakitafuta, ndiyo maana anatetemeka. Na akirudi nyumbani akakirudia, dozi hii tunayoipanga hapa haitakuwa dozi yake, damu itakuwa nyepesi tena."

Nilimwambia, "Nyumbani kwangu pombe haiingii. Andika hivyo."

Aliandika. Niliona kalamu ikisimama kabla ya kuandika.

Sasa niseme lililo langu. Pombe iliingia. Iliingia ikiwa rubisi ya ndizi, na ilikaa katika chupa ya chai yenye maua mekundu kando ya kiti chake, na wageni wa kanisa walipokuja walisema, "Mzee na chai yake." Nilikuwa naijaza mwenyewe. Niliona afadhali anywe ndani, kimya, kuliko kuonekana kilabuni. Niliona nalinda jina.

Baada ya siku kumi na mbili aliruhusiwa. Damu ilikuwa imekaa sawa, mikono ilikuwa imetulia. Aline alinipa karatasi aliyoichora mwenyewe, jua kwa asubuhi na mwezi kwa usiku, nami nilichukia kupewa michoro kama mtu asiyejua kusoma. Karatasi hiyo ninayo. Chini aliandika namba yake ya simu na maneno haya: Wakati wowote, jambo lolote.

Jioni ya siku ileile mume wangu aliniomba chupa yake. Niliijaza.

Siku ya tisa Aline alipiga simu. Nilikuwa nimeshika foronya ya mzee naisugua kwenye beseni, maana asubuhi ufizi wake uliacha doa.

"Shikamoo, Mwalimu. Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba. Hajambo kabisa."

"Ufizi hautoi damu? Choo hakijawa cheusi?"

"Binti, unamwuliza nani habari za choo?"

"Nisamehe, mama. Nauliza wote walioruhusiwa." Kisha akashuka kwenye Kiha, taratibu: "Kama kuna kitu, niambie mimi tu. Siandiki. Mlete kesho tupime, basi."

Nilimwambia mimi nilifundisha Kemia akiwa hajui asidi ni nini, nikakata simu. Nikamaliza foronya, nikaianika nyuma ya nyumba ambako majirani hawaoni.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Bazilio alitapika damu. Tulimfikisha hospitali, akafa kabla ya adhuhuri. Aline alikuwa mlangoni mwa wodi. Hakunisogelea. Alitazama chini, nami nikapita.

Matangani, Longinus alisema mbele ya watu, "Dawa zake zilichukuliwa na yule wa dirishani. Nimemwona kwa macho yangu akizitia mfukoni." Nilikuwa nimejifunika khanga kichwani. Nilisikia kila neno, nikanyamaza ndani ya khanga yangu, na watu wakasema maskini mama amechoka.

Wiki ya tatu Longinus aliniletea barua ya malalamiko kwa uongozi wa hospitali. Mwandiko wake ni mbaya na Kiswahili chake kibovu. Aliandika "amemuuwa". Nilichukua kalamu nyekundu. Nilibadilisha neno hilo likawa "alisababisha kifo". Niligawa aya. Niliweka alama za mkato mahali pake. Kisha niliinakili upya kwa kuigiza mwandiko wake, nikampa aisaini, nami nikasaini chini yake kama mjane. Nimewahi kuona aibu kwa mambo mengi, lakini nikiikumbuka ile kalamu nyekundu naondoka kwenye chumba nilichomo.

Hospitali ilichunguza. Katika faili walikuta mstari wa Aline: Pombe, hapana, jibu la mke. Dokta Godson alimtetea. Lakini jambo likiwa bado linachunguzwa alizuiwa kuingia wodini, akarudishwa dirishani, na raundi zikaendelea bila mfamasia. Watu wa mjini walikuja dirishani wakimwambia, "Tupe tu, usituulize." Baada ya miezi mitano aliomba uhamisho, akapelekwa Kibondo.

Ningeliacha hapo. Ni Swaumu aliyenizuia. Tulikutana kwenye duka la vitambaa, akanivuta pembeni.

"Mama, yule binti wako Kibondo wamemkataa wodini. Walitaka aanze raundi kama alivyokuwa hapa. Ndugu wa mgonjwa wamesimama mlangoni wanasema hawamtaki aliyemwua Mwalimu Bazilio. Mganga mkuu amesema abaki dirishani mpaka jina lake lisafike."

"Si binti yangu," nilisema.

"Si anakuita mama?" Swaumu alijibu, akarudi kupima kitambaa chake.

Nilipanda basi la asubuhi. Nilijipanga njia nzima kama mtu anayekwenda kutoa hotuba. Nilipofika hospitali ya Kibondo nilisimama mbali na dirisha. Mbele yangu alikuwa mwanamke anaitwa Kudra, aliyetoka Gwarama na mtoto mgongoni, anaulizwa kuhusu chupa ya dawa ya maji.

"Nimempa kijiko kimoja kama ulivyosema, dada, lakini analala mno."

"Kijiko kipi? Umekuja nacho?"

Kudra alifungua fundo la khanga, akatoa kijiko. Kilikuwa kikubwa, cha kupakulia mchuzi.

"Ndicho kilichopo nyumbani," alisema.

"Basi kosa ni langu, sikuuliza," Aline alisema. Alimpitishia bomba dogo lisilo na sindano, akalichora mstari kwa kalamu. "Mpaka hapa. Vuta kwanza maji kwa bomba mbele yangu nione." Watu wa foleni waliguna kwa kuchelewa. Hakuharakisha.

Zamu yangu ilipofika niliweka mkono kwenye kidirisha, nikasema jina lake. Aliinama kutazama. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapiga goti, akanisalimia. Nilitamani asipige goti.

Tulikaa kwenye benchi karibu na maabara. Hotuba yangu ilipotea yote. Nilisema, "Yarasoma. Alikuwa anasoma, Aline. Kila siku."

"Najua, Mwalimu."

"Mimi ndiye niliyekuwa namjazia."

"Hilo sikujua." Alitupa jicho kwenye foleni aliyoiacha. "Nilijilaumu kwamba sikuuliza vizuri. Nilifikiri ningeuliza kwa Kiswahili, wazi, mbele ya dokta, labda ungejibu."

"Nisingejibu."

"Na barua nayo niliisoma. Walinionyesha." Alicheka kidogo, bila furaha. "Shemeji yako hawezi kuweka alama za mkato. Niliijua kazi yako toka mstari wa kwanza. Ulinifundisha wewe."

Nilijaribu kushika mkono wake kuomba msamaha, akanipa, lakini kama anayempa mgonjwa.

"Mimi nimeshakusamehe, mama, sikutaka uje mbali hivi kwa hilo. Lakini nyuma ya kidirisha kile simwoni mgonjwa. Naona mkono tu. Mkono ukitetemeka nauona, na siwezi kuuliza kitu, kuna watu thelathini nyuma yake. Kuniambia mimi hakunirudishi wodini. Waambie waliocheka."

"Waliocheka walikuwa wagonjwa. Nitawapata wapi?"

"Basi andika," alisema. "Si unaandika vizuri?"

Niliandika barua mbili, moja ya Kasulu na moja ya Kibondo, kwa mwandiko wangu mwenyewe safari hii. Ya Kasulu niliipeleka kwa mkono. Dokta Godson alifungua faili la mume wangu mbele yangu na Swaumu, akanitaka nieleze swali lile lilikuwa na maana gani. Nikaeleza neno kwa neno. Swaumu aliziba mdomo. Dokta alisema tu, "Kumbe aliuliza," akaandika, na alipomaliza hakunitazama.

Longinus amekuja nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Shemeji, umemvua kaka nguo mbele ya watu." Nilimwambia ni mimi niliyejivua. Mara ya pili hakuketi. Watoto wangu wanapiga simu kwa zamu, na nasikia katika sauti zao kwamba wamekubaliana nani apige lini. Kanisani nakaa benchi la nyuma. Hakuna aliyeniambia nikae huko.

Swaumu anasema Aline ameanza raundi Kibondo tangu mwezi uliopita. Wodi ya wanawake kwanza, kisha watamwongezea ya wanaume. Anasema bado anauliza vilevile, ameinama, sauti ya chini, kwa lugha ya mgonjwa, ila sasa haondoki kitandani mpaka apate jibu.

Nimeulizwa na ndugu, na nimeulizwa na mchungaji, na wapo wanaokuja kwa kisingizio cha kunijulia hali: mzee alianza lini, alikuwa anakunywa kiasi gani, nani alikuwa analeta, nani mwingine kanisani alikuwa anajua. Haya niliyoyaandika yalikuwa mali ya Aline Niyubahwe, na nimemrudishia. Hayo mengine ni ya nyumba yangu na ya marehemu mume wangu. Siyasemi. Msije kuniuliza.